Kutoka Sirari hadi Jericho: shajara ya siku saba

Jumapili, 3 Julai 2022

Nilizaliwa mwaka 1980, wakati mpaka wa Tanzania na Kenya umefungwa, na nadhani hapo ndipo ilipoanza habari ya mimi kutoijua Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa mwaka huohuo, na haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa Nairobi mwaka mmoja kabla ya mpaka kufungwa, na mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Miaka yote ile baba alimtaja dada yake kama mtu aliyevuka bahari, ilhali kutoka kwetu Shirati hadi ardhi ya Kenya ni mwendo wa baiskeli. Mpaka ulipofunguliwa, shangazi ndiye aliyekuwa akija kwetu, kwa misiba na kwa arusi, na sisi tukaizoea hali hiyo. Mimi nilihamia Mwanza, nikasomea ukalimani, kazi ikanipeleka Bujumbura, Kigali na hata Lyon, lakini Nairobi sikuwahi kuikanyaga.

Lugha nilizokwenda nazo ni tano: Kijaluo cha nyumbani, Kiswahili ambacho ndicho ninachoota nacho ndoto, Kikuria kidogo nilichokiokota nikisoma sekondari Tarime, pamoja na Kiingereza na Kifaransa vinavyonipatia riziki. Kabla ya kila safari nina desturi ya kujiuliza ni lugha ipi itakayonibeba huko niendako. Safari hii sikujiuliza, kwa kuwa niliamini kwamba jibu liko wazi.

Nililala Tarime na kuvuka alfajiri. Pale mpakani, upande wa Isebania, maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja, kwa hiyo unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na hatua chache mbele unagongewa wa kuingia Kenya. Ofisa wa kwanza aliniambia, "Naomba pasi yako, kaka." Wa pili akasema, "Leta pasi. Unaenda kukaa siku ngapi?" Hakuwa na ukali wowote; alitabasamu na kunitakia safari njema. Hata hivyo nilihisi kama mtu aliyepiga hatua moja akakuta sakafu imeshuka kidogo kuliko alivyotarajia, na nikaliandika tukio hilo kwenye daftari langu kabla hata sijapanda basi.

Basi lilipita Migori na Kisii, likaingia kwenye mashamba ya chai ya Sotik, likashuka hadi Narok ambako ngano ilikuwa imetanda pande zote za barabara. Baada ya Mai Mahiu tulianza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Pale chini kuna kanisa dogo sana lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, wakati walipokuwa wakiichonga barabara ile, na jirani yangu kwenye kiti alinionyesha kabla sijauliza. Juu kulikuwa na ukungu na baridi ambayo sisi watu wa ziwani hatuna nguo zake. Wamaasai waliyaita maji ya mahali hapa Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na mji uliozuka mwaka 1899 kwenye kambi ya wajenzi wa reli ukalirithi jina hilo. Mwezi Julai mtu haulizi kwa nini.

Nilifika Jericho, Eastlands, saa mbili usiku. Shangazi, ambaye kwa Kijaluo twamwita *waya*, alikuwa ameketi karibu na jiko la makaa, kitenge kimemfunika magoti. Niliinama nikasema, "Shikamoo, waya." Hakujibu. Nilidhani hakunisikia, nikataka kurudia, ndipo nikaona kwamba midomo yake inatikisika. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayetoa kitu sandukuni, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Baada ya chakula alinieleza kwamba katika mtaa ule anaheshimiwa sana, vijana humbebea maji na kumpisha njiani, lakini salamu ile huipata tu anapokwenda Shirati kuzika.

Jumatatu, 4 Julai

Siku ya kupumzika, na ya kutazama mabango. Uchaguzi mkuu ulikuwa umepangwa kufanyika tarehe 9 Agosti, na hapakuwa na nguzo ya umeme isiyo na sura ya mtu. Nilinunua gazeti la *Taifa Leo* na kulisoma lote, hadi matangazo ya vifo. Kwetu mtu anayetaka ubunge ni mgombea, kule ni mwaniaji; kiongozi wa chama ni kinara; toroli la mjenzi, ambalo lilikuwa alama ya chama kimojawapo kikubwa, ni wilbaro. Miungano miwili mikubwa ilikuwa na majina ya Kiswahili safi, Azimio la Umoja na Kenya Kwanza. Nilipoliona neno Azimio nililazimika kulisoma mara mbili, maana kwa Mtanzania wa rika langu neno hilo peke yake ni Arusha, ni mwaka 1967, ni darasa la tatu na mwalimu aliyetukaririsha. Kwa binamu yangu lilikuwa neno jipya la mwaka uliopita. Tulikaa mezani tukizungumza lugha moja, na neno moja likiwa limebeba miaka tofauti kabisa kwa kila mmoja wetu.

Jumanne, 5 Julai

Nilikwenda katikati ya mji kwa matatu. Kondakta alikuwa akiita, "Finje Jogoo Road, finje!" na mtoto wa binamu yangu, mvulana wa miaka kumi aliyekuwa nyumbani kwa likizo fupi, ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Finje ni shilingi hamsini, soo ni mia, thao ni elfu. Kwetu elfu ni buku, na mimi niliona fahari kumfundisha hilo, naye akalirudia mara tatu. Muuza njugu alipochungulia dirishani akauliza kama nataka "za mbao ama za finje", niligeuka kumtazama mtoto, kwani kwangu mbao ni kitu cha kutengenezea meza. Ni shilingi ishirini.

Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Nairobi, nilikuwa nimeisikia ikisemwa vibaya na watu wengi, nikiwemo mimi. Nilipoisikia mahali pake, ndani ya matatu inayopita Eastlands ambako imekulia, niliona nimekuwa nikikihukumu kitu nisichokijua. Kijana mmoja aliyeketi mbele yangu alimwita mzungu *odiero*. Hilo ni neno la bibi yangu. Lilitoka Nyanza likaja mjini, likavaa nguo nyingine, na sasa lasemwa na watoto ambao pengine wazazi wao ni Wakamba au Wakikuyu na hawajui limetoka wapi. Nilitamani kumwambia yule kijana, lakini alishuka Muthurwa.

Katika barabara ya Moi, mkabala na jengo la Hifadhi ya Nyaraka, inasimama sanamu ya Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, na chini yake kuna sanamu za heroe, ndege wale wa waridi wa maziwa ya Bonde la Ufa. Nilifika hapo bila kupanga, na ni mtoto aliyenisomea maandishi hadi tukagundua tarehe: Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, katika barabara hiihii, miaka hamsini na mitatu kamili kabla ya siku ile tuliyosimama pale. Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa akifanya kazi, mbali na ziwa la wazee wake, na alisoma Kabaa, katika nchi ya Wakamba. Mjaluo aliyekulia mbali na ziwa, kisha akarudishwa kuzikwa kisiwani Rusinga. Watu walipita huku wakizungumza na simu zao. Sisi tulisimama kwa muda, mtoto akiwa ameshika njugu zake za mbao bila kuzila.

Jioni redio ilitangaza kwamba baraza la mawaziri la Uganda limeidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Shangazi alisema, "Nao wamekuja," akaendelea kuchambua mboga.

Jumatano, 6 Julai

Hii ndiyo siku ninayotaka kuieleza kwa urefu.

Shangazi alinituma Gikomba kununua samaki. Soko la samaki la Gikomba utalijua kwa pua kabla ya macho, na ukishaingia utatembea juu ya matope yaliyochanganyika na magamba, yanayometa kama vipande vya kioo. Nilimwendea mama mmoja aliyekuwa na samaki wazuri, nikamsalimu kwa Kiswahili, nikamwambia nahitaji sato watatu wa wastani. Akanitazama. Nikarudia: sato. Akamgeukia mwenzake, mwenzake akainua mabega. Samaki walikuwa wamelala mbele yangu, wa aina ileile niliyoila tangu nilipoota meno, nami sikuwa na jina la kuwaitia.

Ndipo nikasema, "Ngege."

Uso wake ulibadilika. Nikaendelea kwa Kijaluo, nikamsalimu upya, *oyawore*, naye akaitikia *oyawore ahinya*, kisha akaniuliza swali ambalo kila Mjaluo humwuliza mwenzake asiyemjua: *In ja kanye?* Wewe ni mtu wa wapi? Nikamjibu kwamba mimi ni wa Shirati. Akawatangazia majirani zake kwamba kumbe huyu ni mtu wa nyumbani, ila wa upande wa Nyerere.

Tulizungumza wakati akiwaparua samaki. Alitumia kisu kifupi kilicholiwa na jiwe la kunolea hadi ubapa wake ukawa mwembamba kama jani la muhindi. Aliburuta kutoka mkiani kuelekea kichwani, magamba yakaruka na kumtua kwenye nyusi bila yeye kupepesa, kisha akachanja mistari mitatu kila ubavu ili chumvi iingie. Ziwa ni moja, akasema, lakini sangara wenu sisi ni mbuta, na dagaa wenu ni omena. Waganda nao, nikamwambia, humwita sangara mputa. Samaki yule si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950, kwa hiyo kila pwani ilibidi imtafutie jina, na nadhani ndiyo maana majina yake hayakupata muda wa kukutana.

Lakini jambo lililonishika zaidi lilikuwa Kijaluo chetu chenyewe. Kijaluo ni lugha ya Kinailoti, haina ngeli za Kibantu, na haina undugu wa damu na Kiswahili. Lakini kila lugha ikichoka huegemea ukuta ulio karibu. Nilipotaja mahali watoto wanaposoma nilisema *shule*, yeye akasema *skul*. Kila nilipokosa neno nilichomeka la Kiswahili, na kila alipokosa yeye alichomeka la Kiingereza. Nusu karne ya nchi mbili ilikuwa imekaa hapo kwenye mapengo ya mazungumzo yetu. Neno moja tu la namna hiyo tulilitamka sawasawa, nalo ni *sirkal*, serikali, ambalo liliingia Kijaluo zamani, kabla ya wote wawili kuzaliwa.

Nilipotaka kulipa alinipunguzia shilingi hamsini. Nilikataa, naye akakataa kukataa kwangu.

Nilirudi Jericho kwa miguu kwa kufuata Jogoo Road, samaki mkononi, nikilifikiria jambo hili. Kifaransa nilikisomea miaka mitano, nami nilipofika Lyon nilikuwa tayari kukosolewa, kwa sababu nilijua kwamba ninaingia kwa watu. Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, nilifurahia kusikia Kiswahili kilichotofautiana na changu, kwa kuwa sikutarajia kukikuta. Nairobi niliingia nikidhani ninaingia kwangu. Nilikuwa nimekuja na sikio la mwalimu anayesahihisha madaftari: hapa pangekuwa "gari limejaa", wao wamesema "gari imejaa", hapa pangekuwa "njoo", wao wamesema "kuja". Na Kijaluo, ambacho sijawafundisha wanangu kwa kisingizio kwamba hakina kazi mjini Mwanza, ndicho kilichonipatia chakula cha mchana. Hilo linaniuma ninapoliandika.

Alhamisi, 7 Julai

Leo dunia imeadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili, iliyotangazwa na UNESCO mwezi Novemba 2021. Tarehe ilichaguliwa kwa heshima ya TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 na kukifanya Kiswahili kuwa chombo cha kudai uhuru. Kwetu siku hii ni Sabasaba, na Sabasaba ni maonyesho ya biashara, ni watoto kununuliwa aiskrimu, ni foleni ndefu za Barabara ya Kilwa kule Dar es Salaam. Niliamka na furaha, nikamtakia binamu yangu Sabasaba njema. Alininyamazia kidogo, kisha akasema, "Twende nikuonyeshe Saba Saba yetu."

Tulikwenda uwanja wa Kamukunji. Pembeni yake mafundi wa jua kali hufua mabati kuwa masanduku, majiko na sufuria kubwa za shuleni, na kelele za nyundo zao huzisikii kwa masikio tu bali hata kifuani. Fundi mmoja, mzee aliyekuwa akikunja ukingo wa sanduku juu ya kipande cha reli, alikuwa na miaka ishirini na kitu mwaka 1990. Aliifahamu habari yote na aliisimulia bila kuacha kugonga. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi, ufanyike uwanja huu tarehe 7 Julai. Serikali ikaukataza, ikawakamata siku tatu kabla. Watu walikuja hivyo hivyo. "Walitupiga na vitoa machozi," alisema, na mimi nikatafsiri kimoyomoyo, mabomu ya machozi. Fujo zilienea kwa siku kadhaa, na watu walikufa. Mwezi Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu kiliondolewa.

Nilimwuliza kama alikuwa uwanjani siku ile. Alisimamisha nyundo. Alisema alikuwa pale ambapo nimesimama mimi, akakimbilia upande wa mto, na kiatu kimoja alikiacha. Kisha akaniuliza sisi kule kwetu tunafanya nini siku ya Saba Saba. Nilimweleza kuhusu TANU na maonyesho, nikihofu kwamba yataonekana mambo mepesi mbele ya kiatu chake. Alisikiliza kwa makini, akasema, "Nyinyi mna bahati, mlianza nayo vizuri."

Tulipokuwa tukiondoka binamu yangu aliniambia kwamba neno kamukunji limekwisha kuwa nomino ya kawaida: wanafunzi wa chuo wakiitana kujadili jambo huita kamukunji, na wabunge vilevile. Hilo silo neno la kamusi yangu, nami nimelichukua. Mtafsiri akiletewa "Sabasaba" na "Saba Saba" huona nafasi moja tu kati ya herufi, na asipokuwa mwangalifu ataziandika kwa namna moja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi. Tangu Jumapili nimekuwa nikihesabu vibao vya Kiswahili mjini na kusikitika kwamba ni vichache. Leo, katikati ya nyundo zile, nilisikia bei zikipatanwa, matusi yakitupwa, mtu akifarijiwa kwa kufiwa, na fundi akimwelekeza mwanafunzi wake pembe ya kukunja bati, yote kwa Kiswahili, kati ya watu ambao lugha za mama zao hazisikilizani. Nikaacha kuhesabu vibao.

Ijumaa, 8 Julai

Mvua ya manyunyu kutwa. Asubuhi nililitazama kwa mbali Jumba la Kenyatta la mikutano ya kimataifa, lile la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973, kilele chake kikiwa ndani ya wingu. Mchana nilinunua vitabu.

Usiku, mtoto alipokuwa akienda kulala, alisimama mlangoni akaniambia, "Alamsiki, anko." Nilisema, "Usiku mwema." Akabaki amesimama. Akaniambia kwa upole, kama anavyoambiwa yeye darasani, kwamba jibu la alamsiki ni binuru. Mimi nilidhani salamu hizo zimebaki kwa wazee wa mwambao na katika mashairi. Akaenda kuniletea kitabu chake, akanionyesha ukurasa: sabalkheri na aheri, masalkheri, alamsiki na binuru. Kisha, kwa kuwa usingizi ulikuwa umempotea, akanipima ngeli kwa namna wanavyozifundisha wao, A-WA, KI-VI, LI-YA, hadi tukafika kwenye gari. "LI-YA," akasema. "Gari limejaa. Lakini kwa stegi tunasema imejaa." Shangazi alicheka gizani, kutoka chumbani kwake.

Jumamosi, 9 Julai

Niliondoka alfajiri. Shangazi alinifungia mandazi kwenye gazeti, akanishika mkono kwa muda mrefu, na safari hii yeye ndiye aliyeianza salamu, akaniambia nimfikishie kaburi la baba. Nilimsemesha kwa Kijaluo hadi nilipopanda gari, nikikosea na yeye akinisahihisha.

Sirari, upande wetu, tulifika alasiri. Ofisa wa forodha, dada wa makamo, aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni nguo, mandazi matatu yaliyobaki na vitabu viwili vya Kiswahili vya shule ya msingi, nilivyomnunulia binti yangu. Alishangaa kwamba mtu anatoa vitabu vya Kiswahili Kenya kuvipeleka Tanzania. Alikichukua kimoja, akakipekua, akasimama kwenye ukurasa wa salamu na kusoma kwa sauti ya chini, kidole juu ya mstari.

"Alamsiki," alisema. "Hii inaitikiwaje, kaka?"

"Binuru."

Akairudia mara mbili, akakifunga kitabu, akanirudishia, na kumwita aliyekuwa nyuma yangu.